Je, Wajua? Kambove imo ndani ya kamera yako

Je, wajua kwamba picha iliyoifungulia dunia mlango wa nyuklia ilipatikana kwa urani na shaba, tena bila kamera? Mwishoni mwa Februari 1896 mawingu yaliufunika mji wa Paris. Mwanafizikia Henri Becquerel alikuwa akingoja jua ili aanike chumvi za urani juu ya bamba la picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi, na kati ya chumvi na bamba alikuwa ameweka msalaba mwembamba wa shaba. Jua halikutoka. Akavitia vyote ndani ya droo, na tarehe 1 Machi akalisafisha bamba lile hivyo hivyo, akitarajia kuona kivuli hafifu. Alikuta picha nzito, na umbo la msalaba limejichora waziwazi. Urani ilikuwa imejipigia picha yenyewe gizani.

Sisi wa Katanga tulikuwa tukifua misalaba ya shaba na kulipia mahari karne nyingi kabla ya siku hiyo, na urani tulikuwa tumeilalia. Tulichokosa ni bamba la picha tu. Urani ya Shinkolobwe, jirani hapo karibu na Likasi, ilikuja kutambuliwa na Mwingereza Robert Rich Sharp mwaka 1915, miaka 19 baada ya droo ya Becquerel.

Je, wajua kwamba mpiga picha mmoja nusura ampokonye Becquerel sifa hiyo? Abel Niépce de Saint-Victor, wa ukoo ule ule wa Nicéphore Niépce aliyepiga picha ya kwanza duniani, aliona katika miaka ya 1850 kwamba chumvi za urani huacha alama kwenye karatasi ya picha hata pasipo mwanga. Aliandika, wakuu wa sayansi wakamsikiliza, kisha wakasahau.

Na je, wajua kwamba urani ilitumika kupaka picha rangi? Wasafishaji picha wa zamani walizamisha picha nyeusi na nyeupe kwenye maji yenye chumvi ya urani, nazo zikatoka na wekundu wa matofali. Baadhi ya picha hizo bado zimo kwenye makumbusho, zinapendeza, na zinatoa miale kidogo. Usijaribu nyumbani. Na ukiokota jiwe la manjano kali pande za Shinkolobwe, usilitie kwenye begi la kamera, wala begi lolote.

Tukiwa hapo hapo: mwaka 1945 wateja wa Kodak walianza kulalamika kwamba filamu za eksirei zilikuwa zikitoka na madoadoa. Mtaalamu wa kampuni, Julian Webb, alifuatilia hadi kwenye karatasi ngumu ya kufungashia filamu, iliyotengenezwa kwa majani makavu katika kiwanda cha Vincennes, jimbo la Indiana. Maji ya mto yaliyotumika kiwandani yalikuwa yamebeba vumbi la jaribio la bomu lililofanywa tarehe 16 Julai jangwani New Mexico, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo. Jaribio lililofanywa kwa siri likawa limeacha alama yake kwenye boksi la filamu. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa Wamarekani, kama kila mtu wa Likasi ajuavyo, ilitoka Shinkolobwe. Kwa hiyo mawe ya kwetu yalizunguka nusu ya dunia yakaenda kuharibu picha za watu wasiotujua.

Funzo dogo kwa wanaotumia bado filamu: mashine mpya za ukaguzi kwenye viwanja vikubwa vya ndege huiharibu filamu upesi. Ibebe mkononi, omba ikaguliwe kwa macho.

Je, wajua kwamba picha za mwanzo kuuzwa kwa umma zilikuwa za shaba? Louis Daguerre alipoitangaza njia yake mwaka 1839, kila picha ilikuwa bamba la shaba lililopakwa ngozi nyembamba ya fedha na kusuguliwa hadi ling'ae. Hapakuwa na nakala. Ukiiharibu, imekwenda.

Sasa ingia kwenye betri. Mwaka 1991 Sony ilitoa sokoni betri ya kwanza ya ioni za lithiamu inayochajiwa upya, na miongoni mwa vyombo vilivyoitumia mwanzoni ilikuwamo kamera ndogo ya video. Ndani yake mlikuwa na kobalti, na mpaka leo betri za simu na za kamera nyingi zinaitegemea, hata kama viwanda vya magari vimeanza kuikwepa. Kongo ndiyo inayotoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, na ukanda unaoitoa ni huu wa Kolwezi, Kambove, Likasi na Lubumbashi. Ajabu ni kwamba mwanaklabu wetu wa picha wa Kambove akitaka betri ya akiba huagiza kutoka mbali na kulipa mara mbili.

Ukiipata, itunze. Joto ndilo adui wake mkubwa, kwa hiyo isikae kwenye gari juani. Ukiiweka muda mrefu bila kutumia, iache na chaji ya nusu hivi, si kamili wala tupu. Na betri ya bei rahisi isiyo na jina huweza kuvimba ndani ya kamera ikakataa kutoka. Betri moja nzuri inashinda tatu za namna hiyo.

Lakini jambo ambalo wengi hawalijui ni la Kipushi. Mgodi ule wa karibu na Lubumbashi ulisifika kwa zinki na shaba, lakini mawe yake yana pia jemaniamu. Elementi hiyo, ambayo jicho haliwezi kuona kitu kupitia kwake, hupitisha joto kama kioo kipitishavyo mwanga. Ndiyo maana lenzi za kamera zinazoona gizani kwa kufuata joto la mwili hutengenezwa kwa jemaniamu. Mwaka 2024 kampuni tanzu ya Gécamines, shirika la madini la serikali, ilianza kusafirisha jemaniamu iliyotolewa kwenye kile kilima cheusi cha mabaki cha Lubumbashi, kilichopigwa picha na kila aliyewahi kupita mjini, na mnunuzi ni Umicore ya Ubelgiji. Umicore ni nani? Ni Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, ile ile ya mwaka 1906, iliyobadilisha jina mwaka 2001. Jina limebadilika, safari ya mzigo ni ile ile.

Tuache mawe, tuje kwenye jua.

Je, wajua kwamba jua la Kambove hukaa juu kabisa ya utosi mara mbili tu kwa mwaka, karibu tarehe 20 Februari na karibu tarehe 22 Oktoba? Siku hizo adhuhuri nguzo iliyonyooka haina kivuli. Ni siku mbaya za kupiga picha ya uso, kwa sababu paji na nyusi hutupa giza kwenye macho, lakini ni siku njema za kupiga ukuta, shimo la mgodi lililo wazi, au mtaa mwembamba ambao siku nyingine hauguswi na jua hadi chini. Usiangalie saa yako ukadhani saa sita ndiyo adhuhuri. Saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 30 mashariki, na Kambove iko magharibi ya mstari huo, kwa hiyo mwezi Februari jua hufika kileleni karibu saa sita na nusu. Oktoba hufika karibu saa sita kamili, maana mhimili wa dunia umeinama, na mwendo wake kulizunguka jua si wa kasi moja mwaka mzima.

Juni ni habari nyingine. Adhuhuri ya mwezi huo jua liko upande wa kaskazini, kwenye nyuzi kama 56, na hata mchana wa katikati mtu akielekea kaskazini uso wake unapata mwanga wa kutosha. Wapiga picha za harusi wanaolia na jua la mchana wangefurahi kufunga ndoa zote Juni.

Je, wajua kwamba mwanga wa dhahabu wa jioni kwetu ni mfupi kuliko ule unaosimuliwa na vitabu vya Ulaya? Huku jua huteremka karibu wima. Tangu liguse upeo hadi lizame lote ni dakika mbili na ushei, na tangu lizame hadi giza la kweli lianze kuingia ni dakika 22 hivi. Mwalimu wa Stockholm akikwambia una saa nzima, mshukuru, halafu uwahi wewe. Panga fremu yako mapema, mwonyeshe mtu wako mahali pa kusimama, na kamera iwe tayari kwenye stendi kabla ya jua kufika kwenye miti.

Agosti na Septemba moshi wa mioto ya porini hulifanya jua kuwa jekundu hata kabla halijashuka. Unaweza kulipiga bila chujio lolote, lakini milima ya mbali hutoweka. Wakati huo huo miombo hutoa majani mapya, mekundu na ya rangi ya shaba, kabla mvua haijanyesha. Wageni hudhani ni majani yanayokauka. Sisi tunajua, na bado hatuyapigi picha vya kutosha.

Kanuni ya mkononi isiyohitaji kipimo: jua kali, tundu la lenzi kwenye f/16, na kasi ya shata iwe moja juu ya ISO. ISO 100, kasi 1/100 au 1/125. Moshi ukiwa mwingi, fungua tundu hatua moja.

Je, wajua kwamba filamu za rangi hazikutengenezwa kwa ajili ya ngozi zetu? Kwa miongo mingi maabara za Marekani zilipima rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Picha ya darasa lenye watoto weupe na weusi ilitoka na weusi wakiwa macho na meno tu. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada alichimba historia hiyo akakuta kwamba msukumo mkubwa wa kuibadilisha filamu ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani sawasawa. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya mtu. Mwaka 2021 Google ilitangaza kamera ya simu iliyofundishwa upya kwa ngozi za rangi zote, na wengine wakafuata, lakini kamera nyingi zilizomo mikononi mwetu bado huhesabu kila kitu kiwe kijivu cha kati.

Dawa yake ni rahisi. Ukimpiga picha mama aliyevaa kitenge cheupe mbele ya ukuta mweupe, kamera itaogopa weupe na kumtia mama gizani. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, ushikilie kidole mpaka kipimo kijifunge, kisha panga fremu upya. Mwenye kamera kubwa aongeze mwanga kwa hatua moja. Tena mtoe mtu kwenye jua, mweke kivulini, akielekea uwanja ulio wazi wenye mwanga. Ngozi nyeusi inapenda mwanga mpana wa pembeni unaoteleza juu yake. Flashi ya usoni inaiua.

Je, wajua kwamba miongoni mwa wapiga picha wa mwanzo wa Kongo alikuwamo Mwafrika? Herzekiah Andrew Shanu, aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Nigeria, alikuwa na studio Boma, akawa mtu wa heshima mbele ya utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha akawapelekea wapinzani wa utawala huo ushahidi wa maovu. Alipogunduliwa, wateja wakaamriwa wamkimbie, na mwaka 1905 alijiua. Mwaka mmoja kabla, mmisionari Alice Seeley Harris alikuwa amempiga picha Nsala wa Wala akitazama mkono na mguu wa binti yake vilivyokatwa. Mark Twain, katika kitabu alichomdhihaki Leopold, alimfanya mfalme huyo ailaani kamera kuwa shahidi pekee asiyeweza kumhonga.

Huku kwetu, msafara wa Charles Lemaire ulipita Katanga kati ya 1898 na 1900 ukiwa na mpiga picha François Michel na mchoraji Léon Dardenne. Zaidi ya miaka mia baadaye Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, alizifungua kumbukumbu hizo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akazifanyia kazi upya.

Huyu Baloji anastahili jioni nzima ya klabu. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, alipiga mabaki ya karakana za Gécamines, mapaa yaliyooza na mitambo iliyonyamaza, kisha ndani ya mandhari hiyo akabandika watu waliokatwa kutoka picha za zamani za Union Minière: wafanyakazi wamepangwa mstari, bosi amevaa kofia. Hakuna anayelia katika picha hizo, wala hakuna damu. Lakini ukizitazama unamuuliza babu yako maswali. Maonyesho ya picha ya Bamako yalimpa tuzo mbili mwaka 2007. Tazama jinsi alivyowaunganisha watu wa zamani na mandhari ya leo. Zoezi hilo mnaweza kulifanya na albamu ya nyumbani, programu ya bure ya GIMP na uvumilivu.

Mwaka 2008 yeye na wenzake, akiwemo mwandishi Patrick Mudekereza, walianzisha Lubumbashi kituo kiitwacho Picha, na kutoka hapo ikazaliwa Biennale ya Lubumbashi, ambayo mwaka 2024 ilifika mkutano wa nane. Kwa mwanaklabu wa Kambove hiyo ndiyo shule kubwa iliyo karibu kuliko zote. Unapanda gari asubuhi, unaona kazi za watu wa mabara yote, na mwenye kazi yuko pale pale unaweza kumuuliza alitumia lenzi gani. (Usimuulize lenzi gani. Muulize kwa nini alisimama pale.)

Georges Senga, naye wa Lubumbashi, alimfuata kwa kamera mwalimu anayefanana na Lumumba na kuvaa kama Lumumba, akaweka picha zake kando ya zile za kiongozi mwenyewe. Kiripi Katembo, mzaliwa wa Goma aliyefariki 2015 akiwa bado kijana, alikuta kwamba watu wa Kinshasa hawapendi kulengwa na kamera, kwa hiyo akawapiga picha kupitia madimbwi ya mvua, kisha akaigeuza picha juu chini. Mitaa ya Likasi mwezi Januari ina madimbwi ya kutosha klabu nzima.

Wazee zaidi wasisahaulike. Joseph Makula aliingia Congopresse, idara ya picha ya serikali ya kikoloni, miaka ya 1950, akapiga maisha ya Wakongo kwa jicho la Mkongo. Jean Depara alikuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco na wa usiku wa Kinshasa. Na Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alianza akiwa mwanafunzi Dar es Salaam na kamera ya mtumba ya Box Brownie.

Je, wajua kwamba kuna ua linaloonyesha shaba iko wapi? Haumaniastrum katangense huota kwenye udongo wenye shaba nyingi inayoua mimea mingine. Watafuta madini walilifuata, na baadaye wanaakiolojia nao wakalifuata hadi kwenye tanuri za kale za wayeyusha shaba. Lipo pia Crotalaria cobalticola, lenye maua ya manjano, linalopenda kobalti. Ni madogo, yanahitaji lenzi ya karibu, magoti kwenye vumbi, na kivuli cha mwili wako kuzuia jua kali. Jiwe la malakiti nalo lipige kivulini, au uweke chujio la kukata mng'ao, la sivyo kijani chake hugeuka weupe wa kioo.

Na kwa wapenda ndege: kwenye vinamasi vya ziwa Tshangalele, lile lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, yuko kwera aitwaye Ploceus ruweti, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1982. Makao yake yanajulikana kuwa eneo hilo tu. Watu wanakata tiketi za ndege kuja kumtafuta. Ninyi mko nyuma ya kilima.

Haraka haraka, maana nafasi inakwisha. Kamera ya kwanza ya kidijitali, ya Steve Sasson wa Kodak mwaka 1975, ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Darktable, programu ya bure ya kusafisha picha ghafi, ipo tangu 2009. Market Photo Workshop ya Johannesburg, iliyoanzishwa na David Goldblatt mwaka 1989, bado inafundisha. Shindano la Wiki Loves Africa, lililoanza 2014, hupokea picha za yeyote, hata za simu, na picha yako hubaki wazi kwa shule na vitabu vya dunia nzima. Soma masharti ya leseni kabla ya kutuma. Vumbi likiingia kwenye kamera usilipulize kwa mdomo, mate ni mabaya kuliko vumbi. Tumia mpira wa kupulizia, na ubadilishe lenzi ukiupa mgongo upepo.

Madaraja, viwanja vya ndege, kambi za askari na maeneo ya makampuni ya migodi: pata kibali kwanza, kiwe cha karatasi, kiwe na mhuri. Na kwa wachimbaji wadogo, kibali cha kweli ni cha mwenyewe. Dunia ina picha za kutosha za mtu wa Katanga mwenye gunia mgongoni, nyingi zikiwa zimepigwa na watu waliokaa siku mbili. Yule yule Jumapili anavaa suti, anaimba kwaya, anamsuka binti yake nywele. Hizo picha hazipo, na hakuna mgeni atakayekuja kuzipiga.

La mwisho. Ukichapisha, au ukikuta picha ya zamani kwenye sanduku la bibi, andika nyuma yake majina, mahali na mwaka kwa penseli laini. Wino hupenya na kuchafua uso wa picha. Ukiiskani, tumia nukta 600 kwa inchi kama ni ndogo kama ile ya kitambulisho, na uiskani na mgongo wake pia, kwa sababu mara nyingi mhuri wa studio uko huko.